Sufuri ya Kioo-Dhana

Mkenya aliyetokea kwenye pazia la mvuke alikuwa na viwiko vinne.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Bwana Shirima, fundi cherehani wa Holili aliyekuwa ameketi kitini na kofia ya nyaya kichwani, aligeuka huku na huku akitafuta wa kumtetea.

"Jamani, mimi sikusema viwiko vinne!"

"Hukusema, baba," alijibu Dokta Ndeonasia Lyatuu, kwa upole wake uliojulikana pande zote mbili za mpaka. "Ubongo wako ndio uliosema. Sisi tumeusikiliza tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kioo-Dhana. Ulikaa kitini, ukavishwa kofia, ukaambiwa kwamba nyuma ya pazia kuna jirani yako kutoka ng'ambo ya mstari, na kabla jirani hajajitokeza, mashine ilimchora kwenye mvuke kama ulivyokuwa umekwisha kumchora wewe moyoni. Kisha ilitoa uzito wa dhana yako kwa punje. Bwana Shirima alipata punje tisa. Aliyemfuata, kijana wa Taveta aliyeomba kazi ya ualimu, alimchora Mtanzania aliyelala usingizi akiwa amesimama, na kikombe cha chai mkononi. Punje arobaini na nne. Watu walicheka tena, kijana naye akacheka, lakini alipotoka nje hakuwa anacheka. Kikomo cha kupita kilikuwa punje ishirini, na aliyezidi hakupewa kazi katika Shule ya Ujirani wala hospitali yake.

Mwaka huo, 2094, Holili na Taveta zilikuwa zimekua hadi zikashikana. Mpaka ulibaki mstari wa rangi ya njano katikati ya soko, na mwenye genge aliweza kuuza nyanya Tanzania na vitunguu Kenya bila kunyanyuka kwenye kigoda chake. Mageti yalikuwa yameng'olewa zamani, foleni zimesahaulika, na viruka, yale magari yasiyokanyaga ardhi, vilivuka huku na kule kama nzi wa jikoni. Maneno ndiyo yaliyokataa kung'oka. Mtanzania alikuambia kwamba Mkenya ana haraka hata ya kufa. Mkenya naye alikuambia kwamba Mtanzania akikuahidi kesho, umuulize kesho ya mwaka gani.

Ndeonasia ndiye aliyegundua kwamba ubongo ni mvivu mwenye akili. Haungoji mgeni afike ndipo umtazame. Humchora kabla hajabisha hodi, kwa rangi ulizoachiwa na mababu na masimulizi ya barazani, na mgeni mwenyewe akiingia, ubongo huendelea kuutazama mchoro wake. Ukiuliza watu habari za kwao watakuambia sisi tuko wa kila namna, wapole kwa wakali. Ukiwauliza habari za jirani watakuambia wale wote ni wamoja. Kwa ugunduzi huo alipewa nishani mbili, moja Dodoma na moja Nairobi, na alizitundika ukutani kwa urefu sawasawa ili asionekane ana upendeleo.

Sasa, mwenye kupima watu naye ana nyumba, na nyumba ina mambo yake. Binti yake wa pekee, Manka, fundi wa mashine hiyohiyo, alikuwa amempenda Mwakio, kijana wa Kitaita wa upande wa Taveta. Ndeonasia hakupinga. Hakuwahi kupinga jambo lolote kwa sauti tangu azaliwe. Alisema tu, "Mwanangu, kwa nini tusimpime kwanza? Mashine haina mjomba wala shangazi." Mwakio akakaa kitini kwa hiari yake, akatoka na punje thelathini na nane.

Tangu hapo wazazi wa Mwakio walikuwa wameomba kuleta posa mara mbili. Mara ya kwanza Ndeonasia alijibu kwamba wanakaribishwa sana, ila mvua ni nyingi. Mara ya pili alijibu kwamba wanakaribishwa sana, ila jua ni kali. Manka alikuwa amekonda, na juzi alikuwa amemwambia mama yake maneno ambayo hayajawahi kusemwa katika nyumba ile: "Wakirudishwa mara ya tatu, mama, nitavuka mstari na mkoba wangu, na hutanisikia tena."

Ndeonasia hakulala vizuri siku hizo. Alimpenda mtoto wake kuliko nishani zote mbili. Lakini namba ni namba, alijiambia, na mtu wa sayansi hatupi namba kwa sababu imemgusa yeye.

Jumamosi saa nne asubuhi kiruka cha wakwe kilitua nje ya ua wa masale wa Ndeonasia, yale majani marefu ambayo Wachaga wenzake huyapanda kuzungushia boma. Roboti bawabu aliwapokea langoni. Alikuwa ametengenezwa kwa adabu za mwenye nyumba, kwa hiyo hakufungua.

"Karibuni sana. Habari za huko mtokako?"

"Nzuri," alisema mama mmoja mfupi mnene mwenye kitenge cha maua, aliyetangulia wenzake sita. "Fungua."

"Habari za safari?"

"Safari ya dakika tatu! Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Mtoto ndiye huyu hapa nyuma yangu, amevaa suti. Fungua, bwana, vyakula vinapoa."

"Na mifugo haijambo?"

"Hatuna mifugo!" mama alifoka. "Ati hata kuposa siku hizi ni lazima uwe na mbuzi wa kusalimiwa?"

Ndani, Ndeonasia aliyasikia yote akafumba macho kidogo. Ndiyo haya haya, aliwaza. Huyo aliyefoka alikuwa Mghoi, mama yake Mwakio.

Ukaribisho ulikwenda vizuri. Mtori wa ndizi ulinywewa, na kimanga walichokuja nacho Wataita, muhogo uliopondwa na maharagwe, kilisifiwa na kila aliyekionja. Kaka yake Ndeonasia, Mzee Kisaka, alisema maneno ya ukoo kwa mpangilio unaotakiwa, na msemaji wa wageni akajibu kwamba wameona ua katika boma hili wakalipenda. Kila mtu alitabasamu. Kisha Kisaka akamtazama dada yake ampe ishara, na Ndeonasia akakohoa.

"Wageni wetu wapendwa, mmetupa heshima kubwa. Sisi hatuna neno kabisa na kijana. Tungeomba tu, kama hamtachukia, tuvute subira kidogo, miezi michache hivi, kijana apimwe tena. Karibuni sana, na mzidi kukaribia."

Manka aliweka sinia chini. Halikutoa kishindo, lakini mama yake aliiona ile mikono ikitafuta mkoba. Mwakio alitazama viatu vyake.

"Mimi niko na swali," alisema Mghoi.

"Uliza tu, mama."

"Hiyo mashine iliyompa kijana wangu thelathini na nane, naweza kuiona?"

Ndeonasia hangeweza kumnyima mgeni jambo aliloomba. Kioo-Dhana cha kwanza kabisa, mama wa vyote vilivyofuata, kilikuwa katika chumba cha uani. Wote wakaongozana huko, hata wazee na vikombe vyao. Mghoi alikizunguka mara moja, akainama kutazama chini yake, akakigonga kwa kidole kama mnunuzi wa tikiti maji.

"Daktari, mimi kazi yangu unaijua?"

"Nimesikia uko serikalini."

"Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka ishirini na sita nimezunguka masoko, kutoka Taveta mpaka Voi. Mtu akiniletea mizani, siwekangi kitu juu yake. Kwanza naiangalia ikiwa tupu. Mizani inadanganya ikiwa tupu, mama. Ikishabeba mzigo, uongo unafichwa na mzigo. Sasa niambie: hii yenu, sufuri yake mlitoa wapi?"

"Sufuri yake ni picha ya msingi," Ndeonasia alieleza kwa utulivu, maana hapa alikuwa nyumbani. "Mashine inahitaji mchoro wa jirani uliochorwa na kichwa kisicho na dhana. Kila mchoro mwingine unalinganishwa na huo. Tofauti ndiyo tunayoihesabu kwa punje."

"Sawa. Na hicho kichwa kisicho na dhana kilikuwa cha nani?"

Ndeonasia alihesabu nyuma. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Alikumbuka wiki ile ya kwanza, mashine ikiwa bado mifupa mitupu, na haja ya kupata mtu safi wa kuanzia. Aliwafikiria wote aliowajua, huyu akaona ana kejeli, yule ana hasira. Yeye alikuwa amelelewa kutotukana mtu, kutopaza sauti, kumkaribisha kila mgeni. Akaivaa kofia mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwake kiasi kwamba hakuliandika hata kwenye ripoti.

"Changu," alisema.

"Chako. Na ukijipima, unapata ngapi?"

"Sufuri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mghoi alishika fremu ya mlango. Alicheka mpaka kitenge kikamlegea, na shemeji yake akaja kumshikilia. "Woi, mama yangu! Hata mimi nikiiambia mizani kwamba kilo zangu ndizo sufuri, nitakuwa mwembamba kuliko huyu binti yako!"

Mzee Kisaka alicheka kabla hajajizuia. Ndeonasia hakucheka. Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona shimo baada ya kulivuka. Mashine haikuwa ikipima dhana. Ilikuwa ikipima umbali wa mtu kutoka kwake yeye. Dhana iliyofanana na yake, ile ya Bwana Shirima na viwiko vyake, ilipita kama maji. Iliyofanana na ya Wakenya ilionekana mlima. Na yeye alikuwa amechukulia upole kuwa ni usafi wa moyo.

"Basi mashine haifai," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna kichwa kitupu duniani. Sufuri haipo."

"Ngoja kwanza, usivunje," alisema Mghoi, akifuta machozi ya kicheko. "Wewe unafikiria mizani ni ya aina moja tu. Kuna ile ya zamani, ya sahani mbili. Ile haitaki sufuri ya mtu. Unaweka huyu huku, huyu huku, unaona inalalia wapi. Uko na kofia nyingine?"

Manka alikuwa amekwisha kuichomoa kabatini. Vidole vyake vilikimbia kwenye ubao wa mashine. Alifika palipoandikwa picha ya msingi, akamtazama mama yake. Ndeonasia aliitikia kwa kichwa, na Manka akaifuta. Mwakio alileta kiti cha pili kutoka jikoni. Wale wanawake wawili waliketi wakipeana migongo, pazia la mvuke likashuka na kugawanyika mara mbili.

Mchoro wa Ndeonasia ulitokea kwanza. Alikuwamo Mghoi, kitenge kilekile, ila mdomo wake ulikuwa mpana kama mlango wa gereji na viwiko vilikuwa sita, viwili zaidi ya vile vya Bwana Shirima. Begani alikuwa amebeba kapu, na ndani ya kapu, kikichungulia na theluji yake yote, kilele cha Kibo, Kilimanjaro yenyewe.

Chumba kililipuka. "Mlima!" alipiga kelele shemeji mtu. "Ameiba mlima mzima!"

"Nilijua!" Mghoi alipiga paja. "Nilijua mko na huo mlima moyoni! Na si tunauona vizuri zaidi tukiwa kwetu?"

"Kuona si kumiliki," alisema Mzee Kisaka, na mabishano matamu yakaanza pale pale, yakakatika tu mchoro wa pili ulipotokea.

Alikuwamo Ndeonasia, mzuri, mtulivu, akitabasamu tabasamu lake la ukaribisho. Mkono wa kulia ulimimina chai. Mkono wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo, na ulikuwa ukifunga mlango kwa komeo, polepole, bila kutoa sauti.

Mghoi mwenyewe aliona haya. "Pole, mama. Sijui imetoka wapi. Nyumbani tunasemanga hivyo, kwamba watu wa huku wanakuambia karibu na mlango umefungwa."

"Mama," alisema Manka taratibu, "huo mlango ni wangu mimi."

Ndeonasia aliutazama ule mkono wa kushoto. Mvua nyingi, jua kali, miezi michache. Alikuwa amejisikia mwema kila mara. Machozi yalimtoka naye akayaacha yatoke mbele ya wakwe.

"Inalalia wapi?" aliuliza hatimaye.

Manka alisoma ubao. "Upande wako, mama. Kwa punje sita."

"Sita ni kitu gani," alisema Mghoi. "Hata sokoni ningekuachia."

Ndeonasia aliivua kofia, akatoka uani bila kuaga. Watu walitazamana. Walimwona akisimama kwenye ua wa masale alioupanda marehemu mama mkwe wake, akichagua jani, akilichuma. Alirudi nalo akilishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya Mghoi na kumpa.

Mghoi alilipokea, akaligeuza, akalinusa. "Asante sana. Hii mnapika na nazi, ama mnachemsha tu?"

Sasa Wachaga ndio waliocheka, na Manka akamweleza mkwe wake mtarajiwa kwamba lile ni isale. Anayekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata awe ameumizwa namna gani.

"Hana ruhusa kabisa?"

"Kabisa."

"Huo ni ujanja wenu mwingine," alisema Mghoi. Lakini alimwinua Ndeonasia, akamkumbatia kwa nguvu hadi mifupa ikalia, akapaza sauti kwa ajili ya chumba kizima, "Haya! Sasa tumeposa ama hatujaposa?"

"Mmeposa," alisema Ndeonasia, na vigelegele vilisikika hadi sokoni, ng'ambo zote mbili za mstari wa njano.

Jumatatu ilipofika, furaha ilikuwa imemwachia kazi. Ndeonasia alikwenda kwenye Bodi ya Ujirani, iliyosimamia ajira za Shule na hospitali, akaeleza kosa lake lote bila kulipamba. Wapo waliomcheka, wapo waliokasirika na kutaka nishani zirudishwe. Alizirudisha siku hiyohiyo. Kisha aliomba orodha. Kwa miaka kumi na moja watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamekataliwa kazi kwa sababu ya ile sufuri, karibu wote wa upande wa Kenya. Aliwaandikia kila mmoja barua kwa mkono, akakiri, akawaambia kwamba Bodi imekubali waombe upya, na ndani ya kila bahasha akatia jani la isale. Wale aliowajua wanapokaa aliwapelekea mwenyewe. Yule kijana wa Taveta aliyemchora Mtanzania amelala wima alikuwa wa kwanza, na alianza kufundisha muhula uliofuata.

Majibu hayakuwa ya namna moja. Mwalimu mmoja wa Mwatate aliandika: "Mliponikataa nilikuwa na miaka thelathini na moja. Sasa nina arobaini, na nilishaacha kufundisha. Sijui kama nimesamehe. Lakini jani nimeliweka dirishani." Barua hiyo Ndeonasia aliitundika ukutani, mahali zilipokuwa nishani.

Kioo-Dhana kikawa na viti viwili. Hakikutoa tena namba ya kupita wala ya kukataliwa. Watu waliingia wawili wawili kutoka pande mbili, wakatazama walivyochorana, wakatoka wakibishana na kucheka, na mara nyingi walionekana baadaye kwenye vibanda vya chai wakiendelea na ubishi wao.

Siku ya harusi ilipofika, mwezi wa Desemba, wageni wa Holili walishangaa. Ua wa masale uliojulikana mtaa mzima kwa unene wake ulikuwa umebaki vijiti. Majani mia nne na kumi na tatu yalikuwa yamekwenda, na mtu akisimama barabarani aliona moja kwa moja hadi jikoni, masufuria na wapishi na yote. Jirani mmoja alinong'ona kwamba ni aibu, mwenye nyumba hata ua hana. Ndeonasia alimsikia, akasema utachipua.

Kiruka cha wakwe kilitua. Mghoi alishuka akiwa na kitenge kipya, na roboti bawabu akamsimamia langoni, ingawa pembeni yake palikuwa wazi kiasi cha kupitisha ng'ombe.

"Karibuni sana. Habari za huko mtokako?"

Mghoi aliweka kapu chini, akakunja mikono kwa adabu. "Huko ni kuzuri, baba. Tunamshukuru Mungu."

"Habari za safari?"

"Safari ilikuwa njema. Ilikuwa ndefu lakini njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja anaoa leo."

"Na mifugo haijambo?"

"Haijambo kabisa," alisema Mghoi, ambaye hajawahi kufuga hata kuku. "Mbuzi wanawasalimia. Kuna mmoja alikuwa anakohoa, lakini amepona."

Roboti alikuwa akijiandaa kuuliza habari za mashamba. Ndeonasia alikuwa jikoni na mwiko mkononi, akiwaona wote kupitia vile vijiti. Alivuta pumzi, akaiachia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu azaliwe, hadi wapishi wakaruka na njiwa wakatoka paani:

"Mama Mwakio! Achana na huyo, pita hapo pembeni uingie, chakula kinapoa!"